Hadubini Zinazomsubiri Mgeni

Jumatano, usiku

Bado sijutii. Hadubini tulizopewa msaada na mfanyabiashara mmoja wa Mchafukoge zimefungiwa kabatini tangu muhula uliopita, na nailoni zake, zikisubiri aje azizindue kama mgeni rasmi. Leo nimeitoa moja bila ruhusa. Kidato cha Nne wanakaribia mtihani wa vitendo wa Biolojia.

Zuhura alichungulia ngozi ya kitunguu. Kisha akasema, "Madamu, kumbe seli zimepangana hivi? Kama fremu za maduka ya Kariakoo!" Wenzake wakacheka, wakaanza kusukumana kwenye foleni. Nimechora seli ubaoni miaka yote, hakuna aliyewahi kusukumana.

Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. "Mwalimu, mgeni akizikuta zimechafuka, tutamwambia nini?"

"Kwamba watoto wanajifunza, mkuu."

"Haya, utamwambia wewe." Akauchukua ufunguo wa kabati.

Wakati wa chai hakuna mwalimu aliyekaa karibu yangu. Naogopa kuhamishwa. Hapa chumbani sina hata wa kumsimulia...

Jioni nikitoka nilimwona Zuhura yuko ubaoni, anawachorea seli wale ambao foleni haikuwafikia. Sikuingia. Nilisimama dirishani hadi mlinzi akaniuliza, "Dada, umepoteza kitu?"