Shujaa Wako Yuko Ngazi ya Saba

Kamande,

Salamu zako za simu zimenichosha, ndiyo maana naandika. Huku nyumbani Bahati viazi vimeoza kwa mvua, na ng'ombe amezaa ndume tena.

Yule shujaa uliyemwacha kwenye daftari la mchezo wetu wa dadu ulipoenda Doha, siku hizi Mama ndiye anayemchezea. Kila Jumapili tukitoka kanisani anatupa dadu, anapata kama pointi ishirini. Amemfikisha ngazi ya saba. Anataka ya nane, kwa sababu uliandika kwamba hapo ndipo shujaa anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Ni wewe pia uliyeamua kila ngazi idai pointi mara mbili ya iliyotangulia. Hii ya nane inadai mia sita na arobaini. Hizo ni Jumapili thelathini na mbili, na daktari ameniambia Mama hana zaidi ya kumi na mbili. Nilitaka kupunguza, akanikemea: "Usiguse kanuni za Kamande!"

Lakini uliandika kwamba wawili wakimchezea shujaa mmoja, pointi zinaongezeka maradufu. Nimepiga hesabu. Mkimchezea wewe na Mama, ni Jumapili kumi na sita.

Bado haitoshi. Njoo hivyo hivyo.

Dadako,
Mugure