Pasiwadi Ilikuwa Wazi kwa Wote

Mwihoko, Ruiru

Mama yangu,

Habari ya huko nyumbani? Mguu umepoa, au bado unakusumbua ukienda mtoni? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauko sawa. Barua hii usimpelekee mwalimu akusomee. Wafula amerudi, asome yeye, na wewe ukae hapo karibu usikie.

Unajua alivyofukuzwa kiwandani kwetu Thika. Mtu aliingia kwenye kompyuta kwa pasiwadi yangu, akafuta marobota ya kitambaa kwenye rekodi za stoo, na marobota yenyewe yakatoweka. Pasiwadi ilikuwa jina la yule ng'ombe wetu wa pembe moja. Meneja akaniuliza nani anaijua. Nikajibu mbio mbio: huku Thika nani mwingine anamjua ng'ombe wetu, kama si ndugu yangu? Askari wakampekua Wafula getini mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa dirishani, nikitazama.

Juzi nilikuwa stoo na Mama Njeri, karani wa huko. Akaiuliza kompyuta ni nani wanaitumia saa hiyo na kwa amri gani, na hapo kwenye skrini, kando ya jina langu, nikaona jina la ng'ombe wetu.

“Ai, kwani hukujua?” akaniambia. “Si hiyo huwa hapo kila siku! Sisi tulifikiri ni salamu za kwenu.”

Woi, Mama! Ile programu ya kuuliza rekodi niliiandika mimi mwenyewe. Niliifanya mtu aandike amri na pasiwadi kwenye mstari mmoja, na mstari huo kompyuta humwonyesha yeyote anayeuliza. Kuirekebisha hakukumaliza hata asubuhi moja. Sasa inaomba pasiwadi kando, na ukiandika hakuna kinachoonekana. Meneja akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikasema asante. Mchana nikarudi kwake nikamwambia yote: kosa ni la programu yangu, na Wafula nilimtaja bila ushahidi. Amesema nafasi ya Wafula iko, akitaka.

Nisalimie Baba Mdogo, na shangazi anayeuza omena sokoni. Kama kuna aliyemwita Wafula mwizi, huyo pia mwambie ukweli huu.

Sasa Wafula, najua hapa utataka kuruka mistari. Haki ya Mungu usiruke. Msomee Mama kwa sauti, hata jirani asikie: hukuiba, hukutoa siri ya mtu, ni mimi mkubwa wako niliyekutupa.

Mwanao, Mama, na kaka yako, Wafula, kama bado unanikubali,
Barasa