Reli, Mikoko na Kaburi Lako

Gongoni, Jumanne tarehe 12

Karisa mume wangu,

Leo barazani wapimaji wa reli ya abiria walituonyesha njia mbili. Moja inakata mikoko uliyoipanda, wanamozalia kamba na samaki. Nyingine inapita nyuma ya nyumba yetu, juu ya kaburi lako.

Mzee wa mtaa akaniuliza, "Mama Kadzo, wewe wasemaje?"

Nikasema mikoko ibaki.

Ndugu yako Katana akaninong'oneza, "Shemeji, utamhamisha mtu aliyelala?"

"Kwa miche ile alikuwa akirudi na tope hadi magotini," nikamjibu. "Mwenyewe angehama."

Lakini sasa naogopa. Nimekuamulia bila ya kukuuliza.

Ukijikuta mahali pageni, usinikasirikie. Unikumbuke.