Sapin Kando ya Mlango

Jumanne, 16 Desemba
Nimefagia tena. Asubuhi, halafu mchana. Sapin yetu, mti wa Noeli, inaangusha majani kila mtu anapopita. Papa Neema, mume wangu, aliileta mapema mno juu ya toleka, baiskeli yenyewe haikuonekana. Sasa imekauka. Ameisimamisha kwenye ndoo ya mchanga kando ya mlango ili wapita njia waione. Mume wangu anapenda kuonekana.
Ameipachika pamba pia. Theluji, anasema. Sijui ameiona wapi.

Jumatano, 17 Desemba
Umeme umekatika tangu jana. Guirlande, ule uzi wa taa ndogondogo, haijachomolewa. Ndivyo tunavyofanya mtaa mzima: swichi inaachwa imewashwa, taa ikiwaka unajua courant imerudi. Hata mimi nimezoea. Lakini leo nimeitazama sapin, kisha nikatazama kitanda cha mama mkwe. Mama Feza analala sebuleni tangu mguu wake ulipopooza. Hawezi kusimama peke yake. Mlango ni mmoja tu, na mti uko hapo.
Naogopa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimemwambia Papa Neema tupeleke mti uani, au angalau tuchomoe uzi tukitoka. Amecheka. "Mama Neema, kumbe uko unaogopa taa ya Noeli?"
Uzi wenyewe mwembamba, wa bei rahisi. Courant ikirudi inarudi kwa nguvu, wiki iliyopita iliua redio ya jirani. Nimemwagia mchanga maji, labda majani yatapona. Hayaponi. Tumenuniana mpaka chakula cha jioni. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa nzuri, hakuna aliyeisifu.

Jumapili, 21 Desemba
Tulikuwa misani. Mama Feza alibaki kitandani, guirlande ilibaki kwenye umeme. Courant ikarudi. Uzi ulipata moto, pamba ikashika, halafu majani. Mama aliona moshi, akaanza kuita. Tonton Ramazani, jirani yetu fundi viatu, haendi kanisani, ni Mwislamu, alikuwa kazini kwake uani. Alisikia. Akaingia, akachomoa uzi kwanza, halafu akamwaga maji yetu yote ya kunywa juu ya mti.
Tulikuta ukuta mweusi, zulia limetoboka. Mama amekaa nje kwenye kiti cha jirani, shuka mabegani. Sauti imemkauka.
Tonton hakutugombeza. Alisema tu: "Mama iko muzima. Alikuwa anaita jina yako, Papa Neema. Mi niliitika pa nafasi yako."
Afadhali angetugombeza.

Jumatatu, 22 Desemba
Papa Neema ameikatakata sapin na kuitoa yote. Mimi nilikuwa na maneno tayari, mengi, makali, nimeyapanga tangu Ijumaa. Nikamkuta nyuma ya jikoni analia. Nimeyameza. Bado nina hasira. Nampenda na nina hasira.
Mama Feza hataki kubaki peke yake hata nikienda kuchota maji.

Jumanne, 23
Nimesugua ukuta. Weusi hautoki.

Alhamisi, 25 Desemba
Noeli. Misani tumekwenda kwa zamu, mimi asubuhi na mapema, yeye baadaye. Wali, samaki, ndizi za makemba. Mama amekula vizuri, ameomba samaki tena. Tonton Ramazani tumempelekea sahani yake, akairudisha na maandazi juu.
Jioni umeme ulikatika tukiwa bado mezani. Papa Neema akainuka, akazunguka nyumba, akazima swichi zote, akachomoa friji na redio. Hakuna aliyemwambia. Akawasha tochi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumkanda mama yake mguu.
Mama akatusimulia Noeli za Kindu, alipokuwa binti. Katikati ya hadithi tukasikia mtaa unashangilia, courant imerudi. Kwetu giza lilibaki vilevile. Papa Neema hakugeuza hata kichwa. Mama akaendelea na hadithi yake, naye akaendelea kukanda.