Pongo Ndani ya Sufuria ya Maharage

Mkuyuni, Mwanza
Jumatatu jioni

Mama yangu, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Baba na wadogo zangu hawajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza. Kwenye simu nisingeweza, Shangazi huwa karibu, na unanijua, nikitaka kusema la maana maneno hunikimbia.

Wiki iliyopita klabu yetu ya wanyamapori shuleni ilipata mgeni, mzee mstaafu anayekusanya sarafu za ukumbusho, zile ambazo watu huziweka tu, hawaendi nazo dukani. Upande mmoja zina nembo ya taifa, upande wa pili mnyama wa nchi yetu. Alizifunika kwa kitambaa, kila mmoja akachomoa moja kwa kupapasa, ili aeleze habari za mnyama wake kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Nilipofungua kiganja, alikuwa pongo, yule swala wa vichakani.

Pongo, Mama. Mnyama wa mwiko wa ukoo wetu. Baba ametuambia tangu tunatambaa: hatumli, hatumgusi, na chungu alimopikwa hatuli kilichomo. Anayekosea, ngozi humbabuka mdomoni. Ningesema, lakini klabu nzima ilikuwa inanitazama, nikaona aibu. Kwa Kiingereza nilieleza vizuri, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kunikataza kitu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nilishindwa hata kutaja jina lake. Mgeni akadhani ni mapenzi ya wanyama yamenizidi, akanipa ile sarafu iwe yangu.

Kulala nayo chumbani sikuthubutu. Kuitupa niliogopa pia, mwalimu angeiulizia. Basi nikaifukia kwenye gunia la maharage uliyotutumia. Niliwaza kwamba mpishi ni mimi siku zote, nitajua ilipo.

Jumamosi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Shangazi akapika ndizi na maharage mwenyewe. Hakuyachambua. Husema maharage ya wifi yake hayana jiwe hata moja, na ni kweli. Tulikula wote, hata Koku, mtoto wake, alipondewa ndizi kwa mchuzi ule. Nilipokuwa nafunika kiporo nikakoroga kidogo, upawa ukagonga kitu. Pongo alikuwa chini kabisa, anang'aa kuliko mwanzo.

Nilimwacha humohumo, nikafunika sufuria, nikasali. Jana asubuhi Koku aliamka na vipele kuzunguka mdomo.

Hapo nilipiga magoti nikamwambia Shangazi yote. Yeye ni muuguzi, alinicheka. Akasema ni joto tu, akampaka mtoto dawa.

"Asimwe, hicho ni chuma," akaniambia. "Chuma kina nyama gani? Hebu pasha kiporo tunywe chai."

Nikaenda kuwasha jiko. Niliporudi kuchukua sufuria, haikuwepo. Nilichungulia dirishani nikamwona Shangazi yuko juu kwenye mawe nyuma ya nyumba, anamwaga chakula chote. Sufuria nayo, ile kubwa aliyopewa siku ya harusi, akaiacha hukohuko pamoja na sarafu. Akarudi, akanawa mikono mpaka viwikoni. Tulikunywa chai kavu, na mpaka sasa hajaligusia tena.

Mama, angecheka mpaka mwisho nisingekuandikia.

Muulize Baba polepole, kama vile ni habari ya mtoto wa jirani: picha ya pongo ni pongo? Na kama kuna dawa, wanapewa wote waliokula, au inatosha kumpa aliyeleta? Mimi mdomo wangu bado mzima. Najitazama kwenye kioo kila nipitapo. Vipele vya Koku leo vimefika kidevuni.

Msalimie sana Bibi mzaa baba, na mdogo wangu Deo mwambie asome. Shangazi angekusalimu, ila hajui kama naandika.

Ni mimi mwanao mwenye hofu,
Asimwe