Hii Mwekee Katoo

Kitengela,
30 Desemba 2023

Kwa kaka yangu Katoo,

Supa, olalashe lai. Najua ungenijibu "Ipa" kwa ile sauti yako ya kuita ng'ombe, kwa hivyo ni kama nimeshaisikia. Je, wewe ni mzima? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko ndani? Mimi ni mzima. Mtoto wangu Ndanu ni mzima, bado anaota meno na ananiuma bila huruma. Baba yake, Nzau, anakusalimia sana. Yeyo, mama yetu, yuko nyumbani Bisil, anatembea, anakula, na kila Jumapili anakuombea kwa sauti mpaka kanisa linageuka kumwangalia.

Pasta aliyekuja kuwaombea huko gerezani alifika hapa kwangu akanipa maneno yako mawili. La kwanza, ati mko na ukuta tu wa kuangalia, nikuandikie habari za mwaka mzima, za dunia yote, vile ulikuwa unazisikia kwa redio ukichunga. La pili alilisema polepole akiangalia chini: kama Baba amekusamehe. Kaka, nitakujibu yote mawili, lakini wacha nifuate njia yetu. Mgeni hasukumiwi habari akiwa mlangoni. Anakaa, anakunywa chai, halafu ilomon, yaani habari zenyewe, zinaliwa moja moja, zile ndogo kwanza. Keti basi.

Mwaka ulianza na kiangazi kile kile kilichokufanya ukate seng'enge ya ranchi ya watu, Baba akiwa amekukataza mbele ya wazee, na mlinzi akavunjika mkono. Ulipofungwa, ng'ombe waliendelea kuisha. Akabaki yule mweusi wa Yeyo peke yake, na Baba akakosa cha kuamkia. Kikohozi kikamshika, nikamleta huku Kitengela nikae naye karibu na hospitali. Alikuja na fimbo, shuka na redio yako, ile nyekundu uliyoifunga na raba. Asubuhi anatoa kiti nje ya mlango, anaiweka kwa goti, na hakuna mtu kwa ploti anaruhusiwa kuongea wakati wa taarifa. Hodo, mama wa duka la hapo mbele, alikuwa anamtania ati huyu mzee anakula betri kuliko mkate. Baba anamjibu, wewe uza tu, nikishiba nitakuambia.

Na habari ikimgusa ananiita, hata kama niko na sabuni mpaka kwa viwiko. Kakenya! Hii mwekee Katoo. Kwa hivyo hizi ninazokuandikia si zangu, ni zake. Mimi shule sikufika mbali, nikikosea jina la nchi unisamehe.

Februari ardhi ilitetemeka Uturuki na Syria, maghorofa yakalala chini, watu maelfu kwa maelfu wakafa. Huko Syria walitoa kwa vifusi mtoto mchanga aliyezaliwa humo humo ndani, na mama yake ameshakufa. Baba alizima redio, na si unajua hazimi. Aliomba apewe Ndanu, akamshika mpaka mtoto akalala. Akasema, mwekee Katoo huyo mtoto, usimwekee maghorofa.

Aprili Kenya yetu ilirusha setelaiti, inaitwa Taifa-1, ilipanda na roketi kutoka Amerika. Ati itakuwa inaangalia mashamba na ukame kutoka juu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza kama ilikuwa inangoja ng'ombe waishe ndio ipande. Akasema hata tai hufika wakati mzoga uko tayari.

Mei Waingereza walimtawaza mfalme, wakampaka mafuta wakiwa wamemzungushia pazia. Baba alitaka kujua kama ni mafuta ya ng'ombe ama ya kondoo. Hodo akamwambia ni ya zeituni. Baba akasema, basi ndiyo maana wakafunga pazia.

Agosti ilikuwa na mambo. Wasichana wa Uhispania walichukua Kombe la Dunia kule Sydney, bao moja tu juu ya Waingereza, na Nzau akaapa Ndanu atacheza mpira. Siku chache baadaye Wahindi wakateremsha chombo chao kwa mwezi, upande wa kusini ambako hakuna chombo kilikuwa kimetua. Wanasema kule kunaweza kuwa na maji. Baba aliipenda hiyo kuliko zote. Aliirudia kwa kila aliyepita: watu wametoka hapa duniani mpaka mwezini kwa sababu ya maji. Halafu akachora chini na fimbo, akasema, na kule hakuna seng'enge. Hii mwekee Katoo.

Septemba marais walikutana Nairobi kuongea juu ya joto la dunia. Baba aliwasikiliza siku zote za mkutano, akauliza kama kuna hata mmoja wao amewahi kuinua kwa mkia ng'ombe aliyeangushwa na njaa.

Oktoba kijana wa Kenya alikimbia marathon huko Chicago, masaa mawili na sekunde chache, akavunja rekodi ya dunia. Wakati huo Baba alikuwa hatoki nje tena, redio iko kwa mto wa kulalia na sauti yake mwenyewe imekuwa nyembamba. Alisema, anakimbia hivyo na hafukuzwi na simba! Hiyo pia nikuwekee. Siku hizo hizo vita vikaanza kule Gaza. Hivyo akasema nisikuwekee, mtu aliye ndani asiongezewe mzigo.

Novemba mvua ikaja. Ile tuliyoililia miaka mitatu ilikuja yote pamoja, wakaiita El Nino, ikabeba madaraja, ikabeba mbuzi, ikabeba watu. Na wanasayansi wanasema mwaka huu umekuwa na joto kuliko miaka yote tangu waanze kupima. Serikali ikatoa siku moja ya mapumziko, watu wote wapande miti.

Utakuwa umeona, kaka. Wewe si mtoto kwa ilomon. Hizi habari za mvua hazina neno la mzee ndani yake.

Mvua ya kwanza aliisikia kwa mabati. Aliniuliza kama Bisil inanyesha. Nilimpigia Yeyo, nikamwekea simu kwa sikio, akaisikiliza mvua ya nyumbani. Asubuhi nilipoingia na uji, redio ilikuwa inaongea peke yake. Siku ile watu wote wanapanda miti, sisi tulikuwa Bisil tunachimba shimo lingine. Tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani, na wewe usiliite. Tumenyoa nywele sisi wote, hata Ndanu. Wewe najua walishakunyoa. Basi hesabu kwamba ulinyoa na sisi.

Sasa lile neno lako la pili. Sitakudanganya. Hakuniambia amekusamehe. Nilimuuliza mara moja, wazi kabisa, nikimpa dawa. Aliongeza sauti ya redio. Nilingoja aniite anitemee mate ya baraka nikuletee, na hakuniita. Yeyo alisema nisikuandikie hilo. Lakini kwetu mtu aliyelaaniwa, ilomon haziliwi naye. Hapewi habari yoyote, hata ya mvua. Na mzee huyo, kifua kikimmaliza, mwaka mzima alikuwa anakuchagulia habari kama anayekuchagulia nyama laini, zile ngumu anaziweka kando. Amua mwenyewe, kaka. Mimi nimeshaamua.

Ukimaliza kulia, andika. Ilomon haziliwi na mtu mmoja, zangu zimeisha na sasa ni zamu yako, hata kama ni za ukuta tu. Redio yako iko salama. Ndanu akiisikia bado anaangalia kile kiti.

Yeyo anakusalimia, Nzau anakusalimia, Hodo anasema anakuombea kwa dini yake. Na yule ng'ombe mweusi wa Yeyo ako na mimba. Hiyo hakuna aliyeniambia nikuwekee. Nimekuwekea mimi.

Ni mimi dada yako,
Kakenya, Mama Ndanu