Picha ya Mguu wa Asha

Jumanne, baada ya magharibi

Ipo, wanasema ipo! Picha ya eksirei ya mguu wa Asha ipo kwenye kompyuta kubwa ya hospitali, jina lake nimeliona kwa macho yangu, ila haifunguki.

Nina hasira. Mwaka jana mwanangu alipovunjika mguu akapasuliwa, niliomba ile picha nyeusi niiweke chini ya godoro. Wakacheka. "Mama Asha, siku hizi hatutoi. Humu haipotei." Leo daktari wa mifupa, mgeni wa siku mbili, anataka kuona mfupa ulivyokuwa ndipo aamue kama atampasua tena. Kesho jioni anaondoka.

Fundi wao wa kompyuta kabonyeza weee. "Programu ni mpya, mama, mafaili ya zamani haiyasomi."

"Na ile ya zamani?"

"Iko kwenye kompyuta iliyofungiwa stoo. Mpaka bosi aruhusu."

"Si umwite! Au mnangoja mtoto ajipasue mwenyewe?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nimemwandikia namba yangu kiganjani, apige upesi, hata alfajiri. Hajapiga.

Akimpasua bure je? Na asipompasua, mtoto akabaki anachechemea...

Tuliporudi nyumbani Bangwe, Asha kaniuliza, "Mama, wameiona?" Nikasema wameiona. Sijazoea kumdanganya. Kesho kabla hawajafungua nitakuwa mlangoni pa stoo na mkeka wangu, na sibanduki mpaka neno langu liwe kweli.